Usitoboe Taya Bila Kuliona Ndani



Hakuna kapita mwenye akili anayeamuru galeri ichimbwe kuelekea mahali asipopajua. Kwanza wajeolojia hutoboa tundu jembamba, hutoa ile karoti ya mwamba, huisoma na kuchora ramani: hapa mwamba ni mgumu, hapa umevunjika, huku kuna mashimo ya zamani yaliyojaa maji. Ndipo watu wa kekee na baruti wanapoitwa. Wale wanaofanya kazi chini ya ardhi wanaijua sababu yake, wala hawahitaji kufundishwa na mtu wa dispensari.

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya mwamba mwingine, mdogo, ambao kila mmoja wetu anao: taya. Siku hizi hapa Goma watu wengi husikia kwamba jino lililong'olewa linaweza kurudishwa kwa kupandikiza skrubu ndani ya mfupa. Wanakuja dispensari kuuliza. Mmoja alianguka na pikipiki akapoteza meno mawili ya mbele. Mwingine alipigwa mdomoni na mpini wa chombo cha kazi. Mama mmoja aling'olewa magego miaka mingi iliyopita, kwa kuwa wakati ule kung'oa ndiyo dawa pekee aliyopewa. Wengine wamekwisha kutajiwa bei na wameanza kuweka akiba. Swali lao karibu wote ni moja: ni fedha ngapi? Mimi nawarudishia swali jingine: je, mganga wa meno amekwisha kuuona unene wa mfupa wako, na ameuonaje? Mara nyingi hawajui. Kwa hiyo ukurasa wetu wa mara hii ni juu ya jambo hilo.

SKRUBU YA TITANI

Jino la kupandikiza, ambalo waganga huliita implanti, si jino zima. Ni mzizi wa bandia. Ni skrubu ndogo ya madini ya titani, yenye urefu wa kama milimita 8 hadi 12 na unene wa kama milimita 4. Huingizwa katika tundu lililotobolewa ndani ya taya, huachwa kwa muda wa miezi 3 hadi 6 hivi ili mfupa uishike, halafu juu yake hufungwa taji lenye sura ya jino.

Jambo la mfupa kushika titani lilionekana bila kutazamiwa. Mwaka 1952 mtaalamu wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza jinsi damu inavyopita ndani ya mfupa wa sungura. Alikuwa ameweka ndani yake kichombo cha titani. Alipotaka kukitoa, hakikutoka. Mfupa ulikuwa umekishika kama saruji inavyoshika chuma cha nondo. Mwaka 1965 mtu wa kwanza akapandikizwa skrubu hizo katika taya. Titani yenyewe, kwa wale wanaopenda habari za madini, hutoka katika mchanga mzito mweusi. Kwa jirani zetu wa Kenya ulichimbwa huko Kwale tangu mwaka 2013 hadi mwisho wa 2024, ingawa sehemu kubwa ya mchanga wa namna hiyo duniani huishia katika rangi za kupaka nyumba, si katika vinywa vya watu.

Lakini angalieni sharti lake. Ili skrubu ishikwe, lazima izungukwe na mfupa pande zote. Skrubu ya milimita 4 inahitaji mfupa wenye upana wa kama milimita 6 au zaidi, ili pande zote mbili zibaki na ukuta. Na hapa ndipo matatizo yanapoanza, kwa sababu mfupa usiobeba jino haukai ulivyokuwa. Mwili huuona kama mzigo usio na kazi na huula polepole. Katika mwaka wa kwanza baada ya kung'olewa gego, upana wa mfupa mahali pale huweza kupungua karibu nusu, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea katika miezi 3 ya kwanza. Yule mama aliyeng'olewa zamani anaweza kuwa na mfupa mwembamba kama makali ya panga, wakati ufizi ulioufunika ni mnene na mzuri. Mganga akitazama kwa macho, au akipapasa kwa kidole, ufizi utamdanganya.

RADIO YA KAWAIDA NI KIVULI

Wengi wenu mnaijua radio. Wafanyakazi wa machimbo hupigwa radio ya kifua ili kuona kama vumbi la mawe halijaharibu mapafu. Miali yake ilivumbuliwa na Wilhelm Röntgen huko Ujerumani mwezi wa Novemba 1895, na hazikupita wiki nyingi, mwanzoni mwa 1896, Otto Walkhoff akapiga picha ya meno yake mwenyewe. Alilala dakika 25 bila kusogea ili picha itoke. Leo ni chini ya sekunde moja.

Radio ni kazi nzuri, lakini kumbukeni kwamba ni kivuli. Usiku, umeme ukikatika nanyi mmewasha mshumaa, chukueni kitabu mkishike mbele ya ukuta, jalada likitazama mwanga. Kivuli ni cha mraba. Sasa chukueni karatasi moja yenye ukubwa uleule. Kivuli ni kilekile. Ukuta haukuambii kama kilichoshikwa kina kurasa mia tatu au moja. Ndivyo ilivyo radio ya meno. Inaonyesha mfupa unavyokwenda juu na chini, na kutoka kushoto kwenda kulia. Unene wake, kutoka upande wa shavu hadi upande wa ulimi, umelaliana wote pamoja katika kivuli kimoja.

Iko pia radio kubwa inayoonyesha meno yote na mataya yote mawili katika picha moja, inayoitwa panoramiki. Inafaa sana kwa kuanzia: inaonyesha meno yaliyooza, mizizi iliyosahauliwa ndani, uvimbe, taya lililovunjika. Nayo ina kasoro ya pili, kwamba hukuza vitu, mara nyingi kati ya asilimia 10 na 30, na tena hukuza mahali pamoja kuliko pengine. Fanyeni hesabu. Ikiwa picha imekuza kwa asilimia 25, mfupa unaoonekana kuwa na milimita 12 kwa kweli una kama milimita 9 na nusu. Mganga akiuamini ule urefu wa kwenye picha na kutoboa milimita 11, amekwisha kutoka nje ya mfupa. Waganga waangalifu huweka kipimo cha chuma kinachojulikana mdomoni wakati wa picha ili kusahihisha urefu, na ni vema. Lakini hata hicho hakiwapi unene.

PICHA YENYE KINA

Picha ya vipimo vitatu ni ile inayotoa urefu, upana na kina. Mwanzo wake una mguu mmoja hapa Afrika. Mwaka 1956 Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur huko Cape Town, na akaanza kujiuliza namna ya kujua kilichomo ndani ya mwili kwa kupitisha miali kutoka pande nyingi na kupiga hesabu. Alizitoa hesabu zake mwaka 1963 na 1964. Watu wachache walizijali. Huko Uingereza Godfrey Hounsfield, bila kuzijua, akaunda mashine, na mwaka 1971 mgonjwa wa kwanza akapigwa picha ya kichwa mjini London. Ndiyo skaneri. Mwaka 1979 wote wawili walipewa tuzo ya Nobel.

Skaneri ya hospitali ni mashine kubwa, ya kutazama mwili wote. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Italia na wa Japani walitengeneza iliyo ndogo kwa ajili ya meno na mataya. Jina lake ni kone-bimu. Ili kuelewa jina hilo, washeni taa yenu ya kichwani ndani ya galeri yenye vumbi: mwanga hutoka mahali padogo na kupanuka kama faneli. Miali ya mashine hii hutoka vivyo hivyo, na ndani ya taa yake mahali inapozaliwa ni kipande cha wolframu, madini ya ukoo uleule mnaoujua katika machimbo ya Kivu. Huchaguliwa kwa sababu joto lililo kali sana haliiyeyushi upesi.

Mgonjwa husimama au huketi. Haingii ndani ya bomba, kwa hiyo wanaoogopa kufungiwa wasiwe na wasiwasi. Kidevu huwekwa mahali pake, na mkono wa mashine humzunguka kichwani kwa muda wa sekunde 10 hadi 40, kulingana na mashine. Katika mzunguko huo mmoja hupiga picha mamia. Halafu kompyuta huzikusanya na kulijenga taya upya kutoka vipande vidogo sana vya pembe nne, kama sanduku lililopangwa vipande vya sukari. Ila kila kipande hapa kina upande wa sehemu 1 hadi 4 za kumi za milimita. Sanduku hilo mganga anaweza kulikata apendavyo: kwa urefu, kwa upana, au mshazari, kama mtu anavyokata mkate, na kila kipande akakipima. Anauona mfupa mahali palepale anapotaka kutoboa, na unene wake wa kweli.

Kazi inayofuata ni ile ya ramani. Kabla hajashika kekee, mganga anachukua skrubu ya kuchora tu ndani ya kompyuta na kuiweka katika taya la picha. Ikitokeza nje, anaipunguza au anaigeuza. Ikikaribia jambo la hatari, anachagua mahali pengine. Akikuta kwamba mfupa hautoshi kabisa, anajua mapema, wewe bado umekaa na fedha zako mfukoni na ufizi wako haujaguswa. Penye vyombo kamili hutengenezwa hata kibao cha plastiki ngumu chenye tundu, kinachovaliwa juu ya meno ili kekee ipite katika njia iliyopangwa na si nyingine. Hata hivyo kibao hicho nacho hukosea kwa wastani kama milimita 1 au zaidi kidogo. Kwa hiyo waganga huacha nafasi ya usalama.

MSHIPA WA TAYA LA CHINI

Nafasi hiyo ni ya nini? Hapa naomba msome polepole.

Ndani ya taya la chini, kila upande, kuna njia nyembamba kama galeri, na ndani yake hupita mshipa wa fahamu pamoja na mishipa ya damu. Huanzia nyuma, hupita chini ya mizizi ya magego, kisha hutokea nje kwa tundu dogo lililo chini ya meno madogo ya kando. Mshipa huu ndio unaokufanya usikie kitu katika mdomo wa chini na kidevu upande ule. Kwa watu wengine, kabla ya kutoka nje, hupiga kona kwenda mbele na kurudi, na mganga asiyejua hufikiri amekwisha kuupita. Umbali wake kutoka juu ya mfupa si mmoja kwa watu wote. Hata kwa mtu mmoja, kushoto na kulia huweza kutofautiana. Kanuni ya kawaida ni kuacha angalau milimita 2 za mfupa kati ya ncha ya skrubu na njia hiyo.

Kekee ikiugusa, au skrubu ikiukandamiza, mtu hafi. Hata sura haiharibiki, na mdomo hutembea kama kawaida. Ila hausikii. Ile ganzi ya sindano, ambayo huisha baada ya saa chache, yeye hubaki nayo wiki, miezi, na kwa wengine maisha yote. Chai humwagika kidevuni naye hajui mpaka mke wake amwambie. Hujiuma mdomo wakati wa kula na huonja damu kabla hajasikia maumivu. Akinyoa ndevu hujikata. Wengine si ganzi tu, ni kama moto au sindano zinazochoma mchana na usiku, na dawa za kawaida za maumivu hazisaidii sana. Hiyo ni bei kubwa kwa jino moja la kutafunia mihogo.

Kwa hiyo, yeyote aliyewekewa implanti katika taya la chini, na muda wa ganzi ukapita, na mdomo wake bado umekufa, asingojee siku ya miadi. Arudi siku ileile au kesho yake asubuhi. Skrubu inayoukandamiza mshipa ikitolewa mapema, mshipa una nafasi nzuri zaidi ya kupona. Kungoja wiki moja «tuone kwanza» ndiko kunakoharibu.

Liko jambo jingine la taya la chini, la nadra, lakini hili laweza kuua. Upande wa ndani, chini ya ulimi, mfupa wa watu wengi una bonde. Katika panoramiki bonde hili halionekani hata kidogo, kwa maana ni jambo la unene. Kekee ikitoboa ukuta ule na kukata mshipa wa damu ulio karibu, damu hukusanyika chini ya ulimi, ulimi husukumwa juu na nyuma, na njia ya pumzi huzibwa. Inaweza kuanza palepale kitini au baada ya saa kadhaa, mgonjwa akiwa amekwisha kufika nyumbani. Mkiona chini ya ulimi panavimba, sauti imebadilika, mtu anashindwa kumeza mate: ni hospitali mara moja, hata kama ni usiku wa manane. Msilale mkitumaini kukuche.

Taya la juu lina hatari zisizotisha sana. Juu ya magego kuna chumba cha hewa kinachowasiliana na pua. Magego yakiondoka, chumba hicho hushuka chini, na mfupa unaobaki huweza kuwa wa milimita chache tu. Skrubu ndefu hutokeza humo, na ikileta uambukizo mtu huumwa uso na kutokwa usaha puani. Kuna njia ya kuongeza mfupa hapo, ila ni kazi ya bingwa, na gharama yake ni nyingine.

JE, KILA MTU APIGWE?

Hapana. Radio zote hutumia miali, na miali haipigwi kwa kupenda kuona tu. Panoramiki moja hutoa kiasi kinachokaribiana na radio moja ya kifua, yaani kama mikrosiverti 20. Kone-bimu hutoa zaidi: kutoka makumi machache hadi mamia ya mikrosiverti, kufuatana na mashine na ukubwa wa sehemu inayopigwa. Kwa kulinganisha, mtu yeyote duniani hupata kwa wastani kama mikrosiverti 2400 kwa mwaka kutoka ardhini, hewani na angani bila kwenda hospitali. Basi si kiasi cha kuogopesha, lakini ni haki yenu kuomba ipigwe sehemu inayohitajika tu. Kwa jino moja hakuna haja ya kichwa kizima. Mama mwenye mimba aseme wazi kabla ya picha. Jino la kupandikiza si jambo la haraka, linaweza kungoja mtoto azaliwe.

Wataalamu wenyewe hawasemi kwa sauti moja. Mwaka 2012 chama cha Marekani cha mabingwa wa radio za kinywa na mataya kilishauri kwamba mahali pa implanti patazamwe kwa picha inayoonyesha unene wa mfupa, na kone-bimu ndiyo inayofaa. Wengine wa Ulaya husema kwamba pale ambapo mfupa ni mpana waziwazi na hakuna mshipa karibu, mganga mzoefu anaweza kutosheka na radio za kawaida. Mimi ni msaidizi wa mganga wa kampuni, si bingwa wa meno. Lakini naona hivi: huko Ulaya, jambo likiharibika leo, mgonjwa yuko mbele ya daktari wa upasuaji wa mataya kesho. Sisi wa hapa hatuna bahati hiyo mlangoni. Kwetu ni heri kujua kabla.

WENGINE HAWAHITAJI IMPLANTI

Kijana wako wa miaka 14 amevunja jino la mbele uwanjani. Usiuze mbuzi kwa ajili ya implanti. Meno ya kweli hufuata taya linapokua. Skrubu, kwa kuwa imeshikwa na mfupa, haisogei. Baada ya miaka michache meno ya jirani yatakuwa yameshuka na lile la bandia limebaki juu kama jiwe lililozama. Hungojewa mpaka taya limalize kukua, ambako kwa wavulana mara nyingi ni baada ya miaka 18, hata 20 na zaidi. Kwa sasa atengenezewe jino la kuvaa na kuvua.

Watu wa Rusayo, Sake na vijiji vingine vilivyo chini ya moshi wa Nyiragongo wengi wana meno yenye madoa ya kahawia tangu utoto. Sababu ni floridi: moshi wa volkano huitia katika maji ya mvua, na watoto huyanywa wakati meno yao yanajengwa ndani ya taya. Meno hayo kwa sura si mazuri, lakini mengi ni hai na yana mizizi imara. Nasikitika kusikia kwamba kuna watu wanaotaka kung'oa meno kama hayo ili waweke meupe. Hakuna skrubu iliyo bora kuliko mzizi ulioupewa na Mungu. Madoa yana matibabu yake, muulizeni mganga wa meno.

Mwenye ugonjwa wa sukari usiotawaliwa atengeneze sukari yake kwanza, kwa kuwa kidonda chake hakiponi vizuri na mfupa wake haushiki. Mwenye ufizi unaotoka damu na meno yanayotikisika atibiwe ufizi kwanza. Mvuta tumbako ajue kwamba implanti za wavutaji hushindwa mara nyingi zaidi, na picha ya vipimo vitatu haibadilishi jambo hilo. Tena msidharau meno ya kuvaa, wala daraja linaloshikwa na meno ya jirani. Ni kazi za zamani zilizokwisha kupimwa na watu wengi, bei yake ni ya chini, na hazihitaji kutoboa mfupa.

MKIFUNGA SAFARI

Dispensari yetu haina mashine hii. Tangu vita ilipoingia Goma mwezi wa Januari 2025 na kiwanja cha ndege kufungwa, wengi wa wafanyakazi waliohitaji matibabu makubwa walipitia barieri kwenda Gisenyi na kuendelea na gari hadi Kigali, njia ya kama kilometa 160. Kabla ya kulipa nauli, pigeni simu na kuuliza mambo mawili: je, kone-bimu ipo, na je, leo inafanya kazi? Mashine iliyoandikwa ukutani na mashine inayofanya kazi si kitu kimoja.

Nendeni na barua ya mganga wa meno inayotaja mahali gani anataka kupandikiza, ili wasipige zaidi ya lazima. Siku ya picha vueni herini, mikufu, miwani, vibanio vya nywele na meno ya kuvaa, kwa sababu chuma hutawanya miale ya uongo juu ya picha. Mashine inapozunguka msimeze mate, msigeuze macho kuifuata. Ukisogea kidogo tu, picha yote hufifia na utapigwa tena.

Picha ikiisha, msikubali kupewa karatasi iliyochapwa peke yake. Karatasi ni vipande vichache alivyochagua mtu mwingine. Ombeni faili lenyewe la DICOM, ambalo huwekwa katika sidii au kifimbo cha USB, pamoja na maandishi ya aliyeisoma. Ndilo ambalo mganga wenu wa meno atalifungua katika kompyuta yake na kulikata mwenyewe. Kama hana namna ya kulifungua, hilo nalo ni jibu juu ya kama yeye ndiye wa kulitoboa taya lako.

Na mkiketi mbele yake, mwombeni awaonyeshe katika picha mshipa wa fahamu unapita wapi, na skrubu itaishia milimita ngapi kutoka hapo. Mganga anayejua kazi yake hakasiriki kwa swali hili. Atageuza kompyuta kwenu na kuonyesha kwa kalamu. Wanaotaka kusaidiwa kuandika maswali yao kabla ya safari waje dispensari alasiri, baada ya foleni ya watoto wa chanjo kwisha, na walete radio zao za zamani kama bado wanazo.